Mashine za kompyuta: Fundi wa Nguvumali aanzie kwenye mbao, si kwenye chuma

Mwenye mashine ya kukoboa mahindi anayevunjikiwa puli msimu ukiwa umepamba moto hana muda wa kusikiliza hotuba kuhusu mapinduzi ya viwanda. Anachotaka ni puli. Atazunguka maduka ya vipuri ya Tanga mjini, na akikosa saizi yake ataambiwa asubiri basi la Dar es Salaam, au aende kwa fundi wa lezi ambaye naye ana foleni. Siku nne zikipita, wateja wameshahamia kwa jirani, na wengine hawarudi tena.

Puli hiyo ndiyo kipimo kizuri cha gumzo lililopo miongoni mwa vijana wa ufundi, la mashine zinazoongozwa na kompyuta, maarufu kwa jina la CNC. Video zake zimejaa kwenye simu. Ubao unalazwa mezani, kompyuta inaamriwa, na kisu kinachonga ua au maandishi bila mkono wa mtu kugusa. Swali linaloulizwa ni kama fundi wa kawaida wa Nguvumali, mwenye kibanda chake, grainda yake na mashine ya kuchomelea, anaweza kujiundia ya kwake.

Anaweza. Lakini aunde ipi, aifanyie kazi gani, na fedha yake irudi lini, hayo ni maswali ambayo video hazijibu, na hapo ndipo mtaji wa kijana unapoweza kuteketea.

Kwanza ieleweke kuwa teknolojia hii si ya juzi. Mashine ya kwanza ya kukata chuma kwa kufuata namba ilionyeshwa hadharani mwaka 1952 katika chuo cha MIT nchini Marekani, kutokana na wazo la John Parsons, mtengenezaji wa mabawa ya helikopta ambaye alikuwa akitafuta njia ya kupata umbo lile lile kila mara. Kwa miongo kadhaa mashine hizo zilibaki za viwanda vikubwa, kwa sababu kompyuta yenyewe ilikuwa ghali kuliko chuma.

Kilichobadilika ni bei ya ubongo wake. Mwaka 2005 ilianza kutengenezwa nchini Italia bodi ndogo iitwayo Arduino, iliyokusudiwa wanafunzi. Mwaka 2009 ikatolewa programu ya bure iitwayo Grbl, iliyoandikwa na Mnorwe Simen Svale Skogseth, inayoigeuza bodi hiyo kuwa nahodha wa mashine. Tangu hapo, ubongo wa CNC ndogo hauzidi kiganja cha mkono, na si tena sehemu ya kumtisha mnunuzi.

Mifano ya jirani ipo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua karakana ya kidijitali, FabLab, mwaka 2009. Mwaka 2013 fundi wa Togo, Kodjo Afate Gnikou, alishangaza dunia kwa kuunda mashine ya kuchapa maumbo ya plastiki kutokana na kompyuta na skana zilizotupwa jalalani. Katikati ya muongo wa 2010 vijana wa Dar es Salaam, wakiwemo wa Buni Hub iliyo chini ya COSTECH, nao waliunda mashine za namna hiyo kwa kutumia taka za kielektroniki. Mashine ya kuchapa plastiki na mashine ya kuchonga mbao ni ndugu wa tumbo moja: mota zile zile, bodi zile zile, amri zile zile. Tofauti kubwa ni kwamba moja inaongeza na nyingine inapunguza, na inayopunguza inahitaji mifupa imara zaidi.

Tanga nayo si mgeni wa karakana. Mashamba ya mkonge yaliyoipa nchi sifa ya kuongoza duniani, hadi uzalishaji ukapita tani 200,000 mwaka 1964, yalitegemea mafundi waliozitunza korona za kuchakata majani, zikiwemo za Kijerumani, kwa kuchonga wenyewe vipuri ambavyo meli ingechukua miezi kuvileta. Ufundi huo haukufundishwa kwa vitabu. Ulipokezwa, na baadhi ya wazee waliobaki wanaweza kusikia beringi iliyochoka wakiwa upande wa pili wa barabara. Kijana wa kompyuta asiyekaa na mzee wa aina hiyo ataunda mashine inayotikisika.

Sasa, kazi yenyewe ikoje?

Mashine ya CNC ya kuanzia ina safari tatu: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Kila safari ina mota yake, lakini si mota ya feni. Ni stepa, mota inayokwenda kwa hatua. Stepa ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na draiva yake inaweza kuzigawa kila moja mara nane, zikawa 1,600. Mota hiyo huzungusha fimbo yenye uzi, na nati iliyofungwa kwenye meza hulazimika kusogea. Kama fimbo ni ya milimita 8 ya dukani, ambayo uzi wake husogea milimita 1.25 kwa mzunguko, basi mapigo 1,280 ya umeme ndiyo milimita moja. Hapo ndipo usahihi unapopatikana, na mtu aliyefaulu hesabu za darasa la saba anaweza kuifuata hesabu hiyo yote.

Fimbo hiyo ya dukani ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi. Ni ya polepole. Ili meza isogee milimita 10 kwa sekunde, mota itabidi izunguke mara nane kwa sekunde, na stepa ndogo ikifika huko huanza kupoteza nguvu na kuruka hatua. Fimbo maalumu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko hufanya kazi hiyo hiyo kwa mzunguko mmoja na robo. Mwenye fedha ya kuchagua kitu kimoja tu cha kununua kizuri, basi na anunue fimbo na nati zake. Mota za printa kuukuu zinatosha kujifunzia, lakini kwa kuchonga mtiki hazitoshi. Hapo inatakiwa stepa yenye uso wa milimita 57 au inayokaribia nguvu hiyo.

Mwili wa mashine unaweza kuwa wa MDF ya milimita 18 au pipe za mraba. Eneo la kazi la sentimita 40 kwa 30 linatosha kabisa kwa mwanzo, ingawa kila kijana hutamani meza ya kulaza mlango mzima. Ukubwa ni adui wa anayeanza: mhimili ukirefushwa mara mbili, kupinda kwake kwa mzigo ule ule hakuongezeki mara mbili, huongezeka mara nane. Pembe zipimwe kwa kamba kutoka kona hadi kona, mbili zilingane, kama mafundi ujenzi wanavyopima msingi. Na kwa kuwa Tanga ni pwani, MDF ipakwe vanishi pande zote na kingo zake, la sivyo unyevu wa masika utaivimbisha na vipimo vyote vitahama. Fimbo za chuma zipakwe mafuta kila wiki, kwani hewa ya chumvi haina huruma.

Kwa upande wa kompyuta, ile ya mezani iliyochakaa ofisini inafaa. Kompyuta za zamani zenye tundu la printa la pini 25 zina thamani ya pekee, kwa sababu programu ya bure ya LinuxCNC, yenye mizizi katika taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, huweza kuongoza mashine moja kwa moja kupitia tundu hilo. Michoro nayo ina programu za bure kama Inkscape na FreeCAD. Kinachofika kwenye mashine mwishoni ni maandishi mafupi. G1 X50 Y20 F600 maana yake ni: nenda moja kwa moja hadi milimita 50 kulia na 20 mbele, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika. Lugha yote ni ya namna hiyo.

Kabla ya kufunga kisu, fundi afunge kalamu. Mashine ichore mraba wa milimita 100, kisha upimwe. Ukitoka 98, na ukirudiwa mara tano ukatoka 98 zote tano, kosa liko kwenye hesabu: 1,280 mara 100 gawanya kwa 98, idadi mpya ni 1,306. Lakini ukitoka 98, kisha 97, kisha 99, hapo hesabu haina kosa. Mota inaruka hatua au kuna kitu kimelegea. Kisha ichore duara. Likitoka limebonyea mahali ambapo mwelekeo unageuka, nati ina pleyi. Karatasi ya shilingi mia inafichua ugonjwa ambao ungeharibu ubao wa maelfu, na inashangaza ni wangapi huiruka hatua hiyo kwa pupa ya kuona vumbi.

Tahadhari nyingine hazihitaji maneno mengi. Waya wa athi ufungwe kwenye mwili wa mashine. Swichi nyekundu ya kuzima yote iwe mahali mkono unapofika bila kupita juu ya kisu. Vumbi la MDF lisivutwe kifuani, miwani ivaliwe, na mashine isiachwe peke yake ikifanya kazi, kwa sababu kisu butu kinachosugua mbao huwasha moto. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine husahau ilipokuwa. Kwa hiyo kila kazi ianzie kwenye kona iliyowekewa alama au swichi ya ukomo, ili umeme ukirudi kuwe na mahali pa kuanzia upya.

Baada ya hayo yote, mkulima wa puli atauliza: je, mashine hiyo itanikatia puli yangu? Jibu la kweli ni hapana. Mashine ya MDF haikati chuma. Anayemwahidi mteja hivyo atavunja visu na jina lake. Ndiyo maana tamaa ya kurukia mashine ya kukata bati kwa moto wa plazma, au ya kuchonga gia za chuma, haifai kwa anayeanza. Mashine hizo zinahitaji mwili wa chuma kizito na compressor, na moto wa plazma hutoa msukosuko wa umeme unaoweza kuichanganya bodi ya bei nafuu.

Lakini mashine hiyo hiyo inaweza kuchonga puli ya mbao, na hapa ndipo penye utajiri ambao haujazungumzwa vya kutosha. Tanzania ina wasubu wengi wa mitaani wanaoyeyusha injini kuukuu na kumimina sufuria. Wanachokosa si moto wala alumini, ni patani sahihi ya kuchapia kalibu ya mchanga. Alumini ikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1.3, hivyo puli ya milimita 200 inahitaji patani ya milimita 202.6. Seremala kwa patasi na randa hawezi kuhakikisha nusu milimita hiyo kuzunguka duara zima. Kompyuta inaweza, na kesho yake ikitakiwa puli ya 180, hubadilishwa namba tu. Fundi wa lezi naye hupokea kitu kilichokaribia umbo, akatoboa na kusawazisha kwa muda mfupi badala ya kula chuma kizima. Zile siku nne zinaweza kuwa mbili.

Kazi ya pili ni sahani za mbegu. Mashine ya kupandia inayosukumwa kwa mkono au kuvutwa na ng'ombe huwa na sahani yenye matundu inayodondosha punje. Tuseme gurudumu lina mzunguko wa sentimita 150 na sahani huzunguka nalo mara moja kwa moja. Kwa nafasi ya sentimita 25 kati ya mashimo yanatakiwa matundu sita, kila moja nyuzi 60 kutoka kwa mwenzake. Kwa mistari ya sentimita 75, hiyo ni mimea zaidi kidogo ya 53,000 kwa hekta. Tundu likizidi upana, punje mbili huingia na mbegu ya dukani inateketea; likipungua, shimo hubaki tupu. Mahindi yana punje za ukubwa tofauti, maharage yana zake, na mkulima anayeweza kuagiza sahani ya mbegu aliyonunua msimu huu amepata kitu ambacho sahani moja ya kiwandani haimpi.

Ya tatu ni milango na samani. Mtiki wa Longuza uko Muheza, hatua chache kutoka mjini, na milango ya kuchonga ni urithi wa pwani hii yote. Hapa pana kidonda ambacho hakifai kufunikwa. Mchongaji wa mkono ataona mashine inamnyang'anya mkate. Kwa michoro ya kurudiarudia ya pembeni, atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, mchoro wenyewe hautoki kwenye kompyuta, na kisu cha duara hakiwezi kuingia kwenye kona kali ya jani. Patasi ndiyo humalizia. Karakana itakayomlipa mzee huyo kwa kila mchoro wake unaoingizwa kwenye mashine, na kwa umaliziaji, itauza mlango wa pwani. Itakayochukua michoro ya bure ya Uchina itauza mlango ambao kila duka la samani linao tayari.

Hesabu ya fedha ifanywe kabla ya kununua skrubu ya kwanza. Kwa mfano tu, chukua mashine iliyomgharimu fundi shilingi 1,800,000, pamoja na vitu vilivyoharibika wakati wa kujifunza, maana vitaharibika. Kila kazi ikimwachia shilingi 25,000 baada ya kutoa mbao, visu, umeme na kibarua, atahitaji kazi 72 kurudisha fedha. Akipata tatu kwa wiki, ni wiki 24. Akipata moja, ni karibu mwaka na nusu, na mkopo wenye riba hautamsubiri. Kwa hiyo kinachoamua si usahihi wa mashine bali idadi ya wateja. Fundi ambaye hajapata wateja watano wa kueleweka, wenye kutaja wanachotaka na bei wanayoweza, bora aipeleke michoro yake kwa mwenye mashine Dar es Salaam, alipe, asafirishe kwa basi, na apime soko kwa fedha kidogo.

Hapo ndipo taasisi zinapopaswa kuulizwa maswali. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu hawa hawa. Nchi pia ilishajaribu njia ya kutoka juu: kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai kilijengwa katika miaka ya 1980 mahsusi kwa kutengeneza mashine za kutengenezea vitu, kisha kikapitia miaka mingi bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Lawama hazirudishi miaka hiyo. Lakini ni vigumu kueleza kwa nini mashine ndogo inayoweza kuingia kwenye chumba kimoja isijaribiwe mtaani, mahali ambapo wenye shida na wenye ufundi wanaonana kila siku.

Fedha nayo ina mlango. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Maombi ya bodaboda huandikwa kwa urahisi kwa sababu bei na mapato yake vinajulikana. Mashine ya kujiundia haina ankara moja, ina vipande thelathini kutoka maduka kumi, na afisa anayepitia maombi hana pa kuiweka. Jiji la Tanga linaweza kulimaliza hilo kwa kukubali orodha ya vifaa iliyokaguliwa na mkufunzi wa VETA au mhandisi wa SIDO kuwa sawa na ankara. Hakuna sheria mpya inayohitajika.

Kikundi kitakachoomba, basi kiwe na watu wasiofanana, wakiwemo seremala, mchomeleaji, msubu wa alumini, na kijana mmoja wa kompyuta. Wote wakiwa wa kompyuta, kitaundwa kitu kizuri cha kupigia picha. Mashine ikae mahali palipo na mita yake ya LUKU, ikodishwe kwa saa kwa mafundi wengine, na daftari la saa hizo litunzwe na mwanakikundi asiyeiendesha. Wenye mashine za kukoboa wa Muheza, Pangani na Mkinga wapelekewe orodha ya saizi za puli mwezi mmoja kabla ya mavuno, na kila patani itakayochongwa iandikwe namba ubavuni na kutundikwa ukutani, ili atakayefuata mwakani akiwa na puli iliyovunjika mkononi aelekezwe kwa kidole.